Oksijeni ya majani hutoka kwenye maji, na "hatua ya giza" haisubiri usiku

Swali la msomaji wa Korogwe: "Mwanangu yuko kidato cha tatu na siku hizi ananifundisha usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyotengeneza chakula kwa mwanga, kwa daftari lake. Anasema mmea huvuta hewa ya ukaa, huivunja, hubaki na kaboni na kutoa oksijeni. Anasema pia kazi hiyo ina hatua mbili, moja ya mwanga inayofanyika mchana, na nyingine ya giza inayofanyika usiku. Mimi nalima mahindi na mihogo, jirani zangu wana mkonge, na siku zote nimejua kwamba chakula cha mmea ni mbolea. Nani kati yetu yuko sahihi, na ndani ya jani kunatokea nini hasa?"

Ndugu yangu, mwanao amekosea mara mbili na wewe mara moja, na hakuna kosa la aibu hapo. Oksijeni inayotoka kwenye majani ni ya maji, si ya hewa ya ukaa. Sukari inatengenezwa mchana, pamoja na hiyo sehemu inayoitwa ya giza. Na mbolea si chakula cha mmea, ingawa ikikosekana kazi ya kutengeneza chakula inakwama. Nianze na la kwako, maana ndilo lenye umri mkubwa kuliko yote.

Katika karne ya 17 tabibu mmoja wa Brussels, Jan Baptista van Helmont, alipanda mche wa mti upendao kukaa kando ya maji. Mche ulikuwa na kilo 2 na ushei, udongo mkavu ndani ya chombo kama kilo 90. Kwa miaka 5 aliumwagilia maji tu. Mwisho wake mti ulifika kilo 77 hivi. Akaukausha udongo, akaupima tena: ulikuwa umepungua gramu zisizofika 60. Habari hizi zilichapishwa mwaka 1648, yeye akiwa ameshafariki. Van Helmont alihitimisha kwamba mti wote ni maji yaliyogeuka. Cha kuchekesha ni kwamba huyo huyo ni mmoja wa watu wa kwanza kuieleza hewa inayotoka kwenye mkaa unaoungua, yaani hewa ya ukaa, na hakushuku hata kidogo kwamba ndiyo iliyomjengea mti wake.

Piga hesabu kwa zao lako mwenyewe. Kilo 100 za wanga wa muhogo uliokauka kabisa zina kama kilo 44 za kaboni, kilo 49 za oksijeni na kilo 6 za hidrojeni. Kaboni yote hiyo iliingia kupitia majani ikiwa hewa ya ukaa. Hidrojeni ilipanda na maji kutoka mizizini. Udongo haumo kabisa ndani ya wanga. Na hewa yenyewe ni haba: katika kila molekuli 10,000 za hewa unayovuta, za hewa ya ukaa ni kama 4 tu. Muhogo unachuja hizo nne kutwa nzima, kila siku, mpaka unapata kiazi cha kukulisha.

Zile gramu chache zilizopungua kwenye udongo wa Van Helmont ndizo habari ya mbolea. Katikati ya kila molekuli ya klorofili, yaani kile kinacholipa jani rangi ya chanikiwiti, kuna atomu 1 ya magnesiamu iliyozungukwa na atomu 4 za naitrojeni. Protini zote zinazofanya kazi ndani ya jani zinadai naitrojeni pia. Ndiyo maana mahindi yakikosa urea, majani ya chini huanza kugeuka manjano kutoka nchani kurudi nyuma, yakifuata uti wa kati wa jani. Mmea unavunja klorofili na protini za majani yaliyozeeka ili naitrojeni yake ipande kwenye majani machanga. Kwa hiyo mbolea unayoweka inatengeneza vitendea kazi. Malighafi ni hewa na maji.

Sasa tuje kwa mwanao. Kosa lake la kwanza ni la kawaida mno, na hata wanasayansi wakubwa waliliamini hadi miaka ya 1930. Linaonekana la busara: hewa ya ukaa ina kaboni na oksijeni, mmea unachukua kaboni, basi oksijeni inayotoka si ndiyo iliyobaki? Mwambie achukue mlinganyo ulioko daftarini mwake (CO₂ ni hewa ya ukaa, H₂O ni maji, C₆H₁₂O₆ ni sukari, O₂ ni oksijeni):

6CO₂ + 6H₂O → C₆H₁₂O₆ + 6O₂

Kisha ahesabu oksijeni. Upande wa kulia zinatoka molekuli 6 za O₂, yaani atomu 12. Upande wa kushoto maji ni molekuli 6, na kila moja ina atomu 1 tu ya oksijeni. Jumla 6. Atomu 12 haziwezi kutoka kwenye 6. Kwa mlinganyo huu mwanafunzi yeyote mwenye akili ataona ni lazima hewa ya ukaa ichangie, kwa hiyo simlaumu kijana. Naulaumu mlinganyo. Umefupishwa kupita kiasi. Mlinganyo kamili ni huu:

6CO₂ + 12H₂O → C₆H₁₂O₆ + 6O₂ + 6H₂O

Maji yanayovunjwa ni molekuli 12, na oksijeni zao 12 ndizo zinazotoka zote. Mengine 6 ya upande wa kulia ni maji mapya yanayotengenezwa njiani. Vitabu huyafuta pande zote mbili kama afanyavyo mwalimu wa hesabu, na pamoja nayo hufuta ukweli wenyewe.

Tulijuaje? Mholanzi Cornelis van Niel alikuwa akichunguza bakteria wa rangi ya zambarau wanaoishi kwenye matope yasiyo na hewa, yale yanayonuka kama mayai viza. Bakteria hao wanatumia mwanga na hewa ya ukaa kujenga miili yao, lakini hawatumii maji. Wanatumia hidrojeni salfaidi, H₂S, ile yenye harufu. Na hawatoi oksijeni hata chembe, bali hubakiza punje za kiberiti, yaani salfa. Ikiwa kinachovunjwa ni H₂S na kinachobaki ni kiberiti, basi kwa mmea kinachovunjwa ni H₂O na kinachobaki ni oksijeni. Van Niel alisema hivyo akiwa hana ushahidi wa moja kwa moja kutoka kwa mmea. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1930 Mwingereza Robin Hill alitoa kloroplasti, yaani vile viungo vidogo vya seli vyenye klorofili, nje ya seli, akazimulika bila hewa ya ukaa, akaweka tu kemikali ya chuma ya kupokea elektroni, zile chembe ndogo za umeme zilizomo kwenye atomu, na oksijeni ikatoka. Kisha mwaka 1941, kule Berkeley, California, Samuel Ruben, Martin Kamen na wenzao waliwapa mwani maji yenye oksijeni nzito kuliko ya kawaida, ile inayoitwa oksijeni 18. Gesi iliyotoka ililingana na maji hayo, si na hewa ya ukaa waliyowapa. Huo ukawa ushahidi kutoka kwa kiumbe kinachotumia maji.

Sasa tuingie ndani ya seli. Katikati ya jani, chini ya ngozi ya juu, kuna seli zilizojaa kloroplasti, kwa kawaida makumi kadhaa kwa kila seli. Kila kloroplasti ina urefu wa mikromita 5 hadi 10, kwa hiyo ukizipanga 100 zinajaza milimita moja au pungufu. Ndani yake kuna vifuko bapa vya utando vilivyopangwa kwa mafungu, vinaitwa thilakoidi, na klorofili imekaa kwenye utando wa vifuko hivyo. Nje ya vifuko, lakini bado ndani ya kloroplasti, kuna majimaji mazito yanayoitwa stroma. Shika maeneo hayo mawili, utando na stroma, maana hatua mbili za daftarini zimegawana kazi kwa mahali. Moja iko kwenye utando, nyingine iko kwenye stroma, nazo hufanya kazi kwa wakati mmoja.

Kazi ya mwanga ni moja tu: kurusha elektroni. Watu husema mmea unageuza mwanga kuwa sukari, na mimi sipendi usemi huo, kwa sababu mwanga haufiki karibu na sukari. Klorofili inafyonza zaidi mwanga wa bluu na mwekundu, ule wa kijani unaurudisha sehemu kubwa, ndiyo maana tunaiona kijani. Mamia ya klorofili hupokezana nishati hiyo mpaka iifikie jozi moja maalumu ya klorofili. Jozi hiyo inapoteza elektroni. Kitendo hicho huisha ndani ya sehemu za bilioni za sekunde. Kuanzia hapo mwanga hauhusiki tena na elektroni ile, isipokuwa mahali pamoja mbele ya safari ambapo inarushwa mara ya pili.

Jozi iliyopoteza elektroni inabaki na njaa kali, kali kiasi kwamba inaweza kupokonya maji. Si kitu kidogo hicho. Maji ni kitu kilichotulia. Sisi tukitaka kuyavunja tunahitaji umeme. Mmea unayavunja kwenye joto la kawaida, kwa fundo dogo lenye atomu 4 za manganizi, 1 ya kalsiamu na 5 za oksijeni. Umbo kamili la fundo hili lilionekana wazi mwaka 2011, pale watafiti wa Japani walipolipiga picha kwa miale ya eksirei.

Jaribio lililonivutia zaidi katika habari yote hii ni la Mfaransa Pierre Joliot na wenzake, mwishoni mwa miaka ya 1960. Waliziweka kloroplasti gizani, kisha wakazipiga mimweko ya mwanga mifupi sana, mmoja mmoja, wakipima oksijeni kila baada ya mmweko. Wa kwanza, hakuna kitu. Wa pili, karibu hakuna. Wa tatu, oksijeni nyingi kwa ghafla. Ikapungua, kisha ikapanda tena kwenye wa 7, halafu wa 11. Kila mara baada ya minne. Bessel Kok akaeleza sababu mwaka 1970: lile fundo huhifadhi hesabu. Kila mmweko huliondolea elektroni 1, na zikitimia 4 ndipo linapokonya molekuli 2 za maji kwa mkupuo na kuachia O₂ moja. Mara ya kwanza oksijeni hutoka kwenye mmweko wa tatu kwa sababu fundo likikaa gizani hutulia likiwa limeshapiga hatua moja.

Elektroni iliyorushwa inapita kutoka protini moja hadi nyingine ndani ya utando. Njiani nishati yake inatumika kusukuma protoni, yaani hidrojeni zisizo na elektroni, ziingie ndani ya kifuko cha thilakoidi. Zile zilizobaki maji yalipovunjwa ziko humo humo pia. Zinarundikana. Wewe wa Korogwe hutapata tabu kuelewa kinachofuata, maana kituo cha umeme cha Hale mnacho hapo jirani: maji ya Mto Pangani yanashuka, yanazungusha mtambo, umeme unatoka. Protoni nazo zina njia moja tu rahisi ya kutoka ndani ya kifuko, nayo inapita katikati ya protini inayozunguka kweli kweli. Kwa spinachi, protoni 14 zinalizungusha gurudumu duara moja, na kila duara linatoa molekuli 3 za ATP, ambazo seli hutumia kulipia karibu kila kazi.

Jambo hili lilipendekezwa na Peter Mitchell mwaka 1961, na wengi walilipuuza. Mwaka 1966 André Jagendorf na Ernest Uribe walichukua thilakoidi, wakaziloweka kwenye asidi mpaka ndani yake kukawa kukali, kisha wakazihamishia ghafla kwenye mmumunyo wa kibesi, yaani ulio kinyume cha asidi. Yote hayo gizani. ATP ikatengenezwa bila mwanga wowote, kwa tofauti ya protoni peke yake. Mitchell alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1978.

Elektroni ile ile ikishapita kwenye utando inarushwa na mwanga mara ya pili, kisha inakabidhiwa kwa mbebaji aitwaye NADP⁺, ambaye akishaipokea huitwa NADPH. Kwa hiyo kwenye utando vimepatikana vitu vitatu: oksijeni inayotoka nje kupitia stomata, vile vitundu vidogo vya jani, na ATP na NADPH zinazobaki kwenye stroma.

Hapo stroma ndipo hewa ya ukaa inapogeuzwa sukari. Njia yake iligunduliwa Berkeley vilevile, na kundi la Melvin Calvin, Andrew Benson na James Bassham, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940. Waliwapa mwani hewa ya ukaa yenye kaboni 14, ambayo inatoa mionzi, na baada ya sekunde chache wakawaua ghafla kwa pombe ya moto ili waone kaboni imefika kwenye kitu gani. Kitu cha kwanza kilikuwa asidi yenye kaboni 3. Nobel ya mwaka 1961 alipewa Calvin peke yake. Kwa maoni yangu Benson hakutendewa haki, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi ya mikono na ya akili ilikuwa yake.

Kwa ufupi, kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi ya kikemia) kiitwacho Rubisko kinaipachika hewa ya ukaa kwenye sukari yenye kaboni 5 iliyopo tayari. Kinachotokea kinagawanyika kuwa vipande viwili vya kaboni 3, kisha ATP na NADPH zinatumika kuvigeuza kuwa sukari ndogo. Kwa kila molekuli 3 za hewa ya ukaa zinapatikana sukari ndogo 6, lakini 5 zinarudishwa kuanzisha upya mzunguko huu, unaoitwa wa Calvin. Mmea unabaki na 1. Gharama yake ni ATP 9 na NADPH 6.

Angalia sasa kosa la pili la mwanao. Hatua hii haipokei mwanga moja kwa moja, na hiyo ndiyo maana pekee ya jina lake. Lakini inakula ATP na NADPH zinazotoka kwenye utando, na jua likizama akiba yake huisha haraka sana. Tena si kwamba inakosa malighafi tu, bali mmea unaizima. Vimeng'enya kadhaa vya mzunguko huu vina viunganishi vya kiberiti ambavyo hufunguliwa na elektroni zinazotoka kwenye mfumo wa mwanga. Mwanga ukikosekana viunganishi hujifunga, na vimeng'enya hulala. Wakati huo huo pH ya stroma, yaani kipimo cha asidi na besi, ambayo mchana hufika 8 hivi, hushuka, na Rubisko nayo hupunguza kasi. Ukilifunika jani saa sita mchana, hatua ya giza husimama pamoja na ile ya mwanga.

Usiku mmea unafanya kazi nyingine. Mchana sehemu ya sukari ilibaki ndani ya kloroplasti ikiwa punje za wanga. Gizani wanga huo unavunjwa taratibu, unageuzwa sukari ya kusafiri, na kushuka kwenye mizizi, shina na mbegu. Muhogo wako unanenepa usiku pia, kwa akiba ya mchana.

Sasa shamba lako, maana una bahati ya kuishi penye aina zote tatu za mimea kwa jinsi inavyoshika hewa ya ukaa: muhogo, mahindi na mkonge.

Rubisko ina ila moja kubwa. Inachanganya hewa ya ukaa na oksijeni. Kwenye joto la nyuzi 25 hivi, katika mmea wa kawaida, karibu mara 1 kati ya 4 inashika oksijeni badala ya hewa ya ukaa, na kosa hilo linaugharimu mmea nishati na kuurudishia hewani kaboni iliyokwisha kushikwa. Joto likipanda kosa linaongezeka. Halafu ni nzito: inafanya mizunguko michache tu kwa sekunde, wakati vipo vimeng'enya vinavyofanya maelfu. Mmea unalipia uzembe huo kwa kutengeneza Rubisko nyingi mno. Muhogo, maharage, mpunga, mgomba na mkahawa vyote vinaishi na tatizo hili. Muhogo una tabia ya ziada: hewa ikikauka unafunga stomata mapema kuokoa maji, na hapo hewa ya ukaa haiingii tena. Hiyo ni mojawapo ya siri zake za kuvumilia ukame.

Mahindi yamelitatua tatizo kwa kugawana kazi kati ya seli mbili. Seli za nje hazitumii Rubisko kushika hewa ya ukaa. Zinatumia kimeng'enya kingine ambacho hakidanganyiki na oksijeni, na kinachotokea ni asidi ya kaboni 4. Asidi hiyo inapelekwa kwenye seli kubwa zilizozunguka mishipa ya jani, inaachia hewa ya ukaa humo, na ndipo Rubisko inapoipokea, ikiwa imezungukwa na hewa ya ukaa nyingi kiasi cha kutopata nafasi ya kukosea. Njia hii ilifafanuliwa na Marshall Hatch na Roger Slack mwaka 1966 huko Brisbane, Australia, kwenye muwa, baada ya watafiti wa Hawaii kuiona dalili yake mapema. Mtama, ulezi, uwele na hata mchicha wa bustanini wanaitumia. Inagharimu ATP 2 zaidi kwa kila hewa ya ukaa, kwa hiyo kwenye baridi na kivuli haina faida, lakini kwenye jua la Korogwe inalipa. Na kwa kuwa inavuta hewa ya ukaa kwa nguvu, stomata hazihitaji kuachama sana. Ndiyo maana mahindi hutumia maji kidogo, takribani nusu, kwa kila kiasi cha kaboni kinachoshikwa, ukilinganisha na mimea ya kundi la maharage.

Mkonge ndio utakaomfanya mwanao adhani ameshinda. Stomata zake hufunguka usiku, hapo hewa ya ukaa huingia, ikageuzwa asidi ya maliki na kuhifadhiwa ndani ya seli. Asubuhi stomata hujifunga, na kutwa nzima, jua likiwaka, asidi inaachia hewa ya ukaa kwa ndani na Rubisko inaitumia. Nanasi hufanya vivyo hivyo. Mwaka 1815 tabibu Benjamin Heyne, akiwa India, aliandika kwamba majani ya mmea fulani mnene yalikuwa makali mdomoni alfajiri na hayana ladha mchana. Usimruhusu kijana kujaribu hilo kwa mkonge, maana utomvu wake unawasha. Lakini hata hapa sukari haitengenezwi usiku. Kinachofanyika usiku ni kuvuta hewa na kuihifadhi, na mzunguko wa Calvin unasubiri jua kama kwenye mmea mwingine wowote.

Kama anataka kuona kwa macho yake badala ya kutuamini sisi, afanye hivi. Achukue mche wa maharage uliokaa kwenye chumba cha giza siku mbili, afunike nusu ya jani moja kwa karatasi nyeusi au ya aluminiamu, auweke juani tangu asubuhi mpaka alasiri. Alikate jani, alichemshe dakika moja kwenye maji ili lilegee, kisha aliweke kwenye kikombe cha spiriti kilichokalishwa ndani ya maji ya moto yaliyoepuliwa jikoni. Moto uwe umezimwa kabisa, kwa sababu mvuke wa spiriti unawaka. Jani litapoteza rangi na kuwa jeupe, tena litakuwa kavu na rahisi kuvunjika, kwa hiyo alirudishe kwenye maji vuguvugu kabla ya kulitandaza. Matone machache ya iodini, na sehemu iliyopata jua itageuka bluu iliyokoza karibu na weusi. Iliyofunikwa itabaki na rangi ya kahawia ya iodini yenyewe.

Asitumie jani la kitunguu, kwani haliweki wanga na atadhani jaribio limeharibika. Akimaliza maharage, ajaribu jani la hindi, kisha aliangalie kwa lenzi au hadubini ya shule. Wanga hautakuwa umetapakaa jani zima. Utaonekana kama mistari myeusi iliyofuata mishipa, kwa sababu zile seli za kuzunguka mishipa ndizo zenye Rubisko.